Mtoto Mdogo Akichemka Mwili na Kutapika: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Kisumu

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha watoto upande huu wa ziwa, na nyumbani nimelea wangu watatu. Maswali haya nimeyapokea kwenye benchi la zahanati, ndani ya matatu, nje ya kanisa, na kwa simu usiku wa manane. Majibu ni kwa ajili ya mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hivi. Kama wako hajafikisha miezi mitatu na mwili wake ni moto, usisome zaidi. Mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama ananyonya vizuri.

Sista, mtoto ana homa. Nimpe nini?

Kwanza tuelewane kwa neno. Hapa kwetu mama mmoja akisema "homa" anamaanisha mafua: kamasi, chafya, kikohozi kidogo. Mwingine anamaanisha mwili kuwa moto. Nimeona mtoto akinyweshwa dawa ya mafua siku mbili nzima kwa sababu nyanya yake alifika dukani akasema "ana homa", kumbe mwili ulikuwa unachemka na malaria imeshamkolea. Kwa hiyo ukifika kwa muuza dawa au kwa daktari, eleza: "Mwili wake ni moto tangu jana jioni, na ametapika mara nne." Hapo hakuna atakayekuelewa vibaya.

Nikisema homa hapa chini, namaanisha joto la mwili.

Sina themomita. Nitajuaje?

Weka mgongo wa mkono wako tumboni au kifuani kwake, si kwenye paji la uso wala viganjani. Viganja vya mtoto vinaweza kuwa baridi huku tumbo likiwa jiko. Mkono wa mama hukosea mara chache. Hata hivyo themomita ya kwapani si ghali, na inafaa iwepo nyumbani. Kwapani, kuanzia 37.5 tunaihesabu kuwa homa.

Lakini namba isikutawale. Mtoto wa 39 anayecheza na kuomba uji ananitia wasiwasi mdogo kuliko wa 38 aliyelegea begani kwa mama yake, hatazami mtu.

Nianzie wapi?

Kama unaishi Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, Kakamega, Vihiga au Bungoma, anzia kwenye kipimo cha malaria, siku ileile homa ilipoanza. Usingoje kuona kama itapoa kesho. Malaria ya huku ina haraka kwa mtoto mdogo: asubuhi anachemka, jioni anatapika kila kitu, na kesho yake anaweza kuwa ameishiwa damu au amepoteza fahamu. Kutapika ni moja ya njia zake za kujitangaza, na mara nyingi huja pamoja na kuharisha, kwa hiyo ukisema "ni tumbo tu" unaweza kuikosa.

Kipimo chenyewe ni kutobolewa kidole, tone moja la damu, na majibu ndani ya kama robo saa. Zahanati inacho. Katika kaunti hizi za ziwa, wengi wa wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka kijijini na mtaani wamefunzwa kupima na kutoa dawa, na pengine yule wa mtaa wako unamjua kwa jina. Mpigie kabla hujapanda boda.

Usianze dawa ya malaria bila kupima. Najua mnakumbuka zamani, mtoto akichemka ananunuliwa vidonge njia panda na mambo yanaisha. Vidonge vile vya zamani vilizidiwa nguvu na vimelea, ndiyo maana Kenya ilihamia AL, yaani dawa mseto ya malaria, kama dawa ya kwanza kwa uamuzi wa mwaka 2004. Ukimpa mtoto AL bila malaria, ugonjwa halisi unabaki humo ndani ukiendelea na kazi yake.

Kila anachokunywa anatapika. Hata maji. Nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake linahitaji subira kuliko dawa.

Wazazi wengi wakiona mtoto ametapika humpa kikombe kizima cha maji ili kufidia. Tumbo lililochokozwa halipokei kikombe. Linapokea kijiko. Changanya pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kaa chini, mpakate mtoto akiwa ameinuka kidogo, kisha mpe kijiko kimoja cha chai, subiri dakika mbili, mpe kingine. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kwa saa moja ni vijiko 30, yaani mililita 150. Kwa saa nne ni mililita 600, zaidi ya chupa ya nusu lita, na imeingia bila vita. Akitapika katikati, acha dakika 10, halafu anza tena polepole zaidi. Hata akitapika, sehemu ya alichokunywa huwa imeshapenya mwilini.

Namkumbuka baba mmoja kutoka mtaa wa Manyatta aliyefika saa mbili usiku na binti wa mwaka mmoja na nusu. Malaria hakuwa nayo, alikuwa anatapika na kuharisha tangu mchana. Tulimpa kikombe cha plastiki na kijiko. Alihesabu kwa sauti ya chini, achiel, ariyo, adek, simu ikiwa juu ya goti ikimwonyesha dakika. Kijiko cha ishirini hivi kikarudi, kikamwagika kwenye shati lake. Akanitazama kama mtu aliyeshindwa mtihani. Nikamwambia, "Baba, pumzika dakika kumi, tunaendelea." Mtoto alilia akitaka kikombe chote, na bibi mmoja kwenye benchi la pili akasema tunamnyima mtoto maji. Baba hakuyumba. Saa tano usiku alinyanyua pampasi kuniangalizia: ilikuwa imelowa na nzito. Sindano ya maji haikuhitajika.

Kama ananyonya, endelea kumnyonyesha, kidogo kidogo na mara nyingi.

ORS naichanganya vipi?

Soma pakiti yenyewe. Nyingi za hapa ni za nusu lita, lakini zipo za lita moja, na kosa la kuchanganya ni hatari: maji yakiwa machache chumvi inazidi, yakiwa mengi haifanyi kazi. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, tupu na safi, jaza maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa, mimina pakiti yote, tikisa. Usigawe pakiti nusu. Usiongeze sukari. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga, changanya mapya.

Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, wa miaka miwili na zaidi 100 hadi 200, kwa kijiko kama nilivyosema. Na kama anaharisha, omba pia zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma mapema. Watu wengi huiacha siku ya tatu. Malizeni.

Pakiti sina na ni usiku. Sukari na chumvi ya jikoni?

Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi iliyosawazishwa. Yaonje kwanza: yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage. Hii ni ya kuvukia usiku tu, si ya kuizoea. Uji mwepesi au maji ya mchele yenye chumvi kidogo pia yanasaidia. Soda hapana, hata ikiwa imetolewa gesi. Juisi ya pakiti hapana. Sukari nyingi huvuta maji kuelekea tumboni na kuhara kunazidi. Glukosi ya unga peke yake si ORS, kwa kuwa haina chumvi.

Nunua pakiti tatu leo uziweke juu ya kabati.

Nitajuaje maji yanamwishia?

Angalia mkojo kwanza. Mtoto asiyekojoa kwa saa sita hadi nane anakuambia jambo. Kisha macho: yamezama? Akilia, machozi yanatoka? Ulimi na midomo ni mikavu? Sasa finya taratibu ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, uiachie. Ya mtoto mwenye maji hurudi papo hapo. Ikisimama kama kunjo la kitambaa kabla ya kurudi, maji yamepungua, na ikikawia sekunde mbili au zaidi, yamepungua sana. Kwa mwenye utosi ambao haujafunga, gusa uone kama umebonyea.

Mtoto anayekunywa kwa pupa kama aliyetoka jangwani bado ana nguvu ya kupigania maji. Ninayemwogopa ni yule aliyeacha kuomba.

Parasetamoli nimpe kiasi gani?

Pima kwa kilo, si kwa umri. Uzito wa mwisho uko kwenye kitabu chake cha kliniki. Kwa dawa ya maji ya kawaida, ile iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, kanuni rahisi ni nusu mililita kwa kila kilo: wa kilo 10 apate mililita 5, wa kilo 12 apate 6. Rudia baada ya saa sita kama bado anasumbuka, na usipite mara nne kwa siku nzima. Tumia bomba la sindano lisilo na ncha au kikombe cha dawa, maana vijiko vya jikoni havilingani.

Soma chupa kila mara. Kuna parasetamoli ya matone ya watoto wachanga ambayo ni kali mara kadhaa kwa kila mililita. Ukiipima kama ile ya kawaida unaweza kuharibu ini la mtoto. Pia kagua dawa ya mafua uliyonunua, kwani nyingine zina parasetamoli ndani yake tayari.

Akitapika mara tu baada ya kunywa na ukaiona dawa imetoka yote, mpe tena mara moja. Nusu saa ikipita, usirudie. Asiyeweza kubakisha chochote tumboni anaweza kuwekewa ile ya njia ya haja kubwa, kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Aspirini usimpe mtoto kabisa. Ibuprofeni iache wakati anatapika na hanywi vizuri, inaweza kuumiza figo zilizokauka.

Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: parasetamoli haitibu kilicholeta homa. Inampunguzia maumivu ili aweze kunywa na kulala. Homa ikishuka baada ya dawa, bado mpeleke akapimwe.

Nimpanguse kwa maji baridi?

Hapana, wala usimtumbukize kwenye beseni. Maji baridi humfanya atetemeke, na kutetemeka huongeza joto ndani. Mvue sweta, soksi na ile blanketi ya pili. Nguo moja nyepesi, dirisha wazi, basi. Najua mama mkwe atasema mtoto atashikwa na baridi. Mwambie sista amesema.

Kuna dawa ya kuzuia kutapika. Kwa nini hamtupi?

Kwa sababu nimeona inachofanya. Mwanangu wa pili akiwa na mwaka mmoja na miezi minane alianza kutapika jioni nikiwa zamu ya usiku. Nyanya yake, kwa upendo wote, akaenda duka la dawa la karibu akauziwa dawa ya kuzuia kutapika, ile ya watu wazima, akaambiwa avunje nusu. Saa mbili baadaye shingo ya mtoto ilipinda upande mmoja, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje, na alikuwa macho kabisa, analia. Majirani wakasema ni degedege, mwingine akasema amerogwa. Nilimkuta hospitalini. Daktari aliuliza swali moja tu: "Amekunywa nini?" Nyanya alikuwa na pakiti kwenye leso. Walimdunga dawa ya kuondoa sumu ile, na shingo ikalegea nikiwa nimeishika.

Alipona kabisa. Lakini tangu siku hiyo nasema wazi: metoklopramidi si dawa ya kununua dukani kwa mtoto mdogo. Promethazini, ile inayolaza, haifai kwa wa chini ya miaka miwili, inaweza kumzima pumzi. Dawa ya kufunga kuhara ya watu wazima hali kadhalika, isimguse. Ipo dawa ambayo daktari anaweza kumpa mara moja baada ya kumpima, na huo ni uamuzi wa mtu aliyemwona mtoto kwa macho yake.

Na ukienda hospitali, beba pakiti au chupa ya kila alichokunywa, hata kama unaona aibu. Hata miti shamba sema. Hatukugombezi, tunatafuta.

Amepatikana na malaria, nimempa AL akaitapika. Sasa?

Akiitapika ndani ya nusu saa, mpe kidonge kingine chenye kipimo kilekile. Ikipita nusu saa, mhesabie amekunywa. Ukirudia kidonge, pakiti itapungua mwishoni, kwa hiyo rudi zahanati uongezewe. Usimalize na dozi pungufu. Akitapika na cha pili pia, usijaribu cha tatu nyumbani. Huyo anahitaji sindano ya artesuneti hospitalini.

Ili ikae: mtulize kwanza kwa ORS kidogo, yeyusha kidonge cha watoto kwenye maji ya kijiko, kisha mpe maziwa au anyonye papo hapo. AL hupenya vizuri ikikutana na mafuta, haifai kwa tumbo tupu. Dozi ni sita kwa siku tatu: ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hunywa kidonge kimoja kila mara. Siku ya pili wengi huchangamka, na ndipo wazazi huweka vidonge vilivyobaki "kwa ajili ya mwingine". Ni vya huyu. Avimalize.

Sindano si ina nguvu zaidi?

Kwa malaria ya kawaida, vidonge vinatosha. Sindano ni ya malaria kali, na hata baada yake mtoto hurudi kumaliza dozi kamili ya vidonge. Anayekudunga mtoto sindano moja nyuma ya kaunta na kukurudisha nyumbani amekudanganya.

Siku kumi baadaye homa imerudi, na kipimo kinasema malaria bado ipo.

Kipimo cha kidole kinatafuta mabaki ya protini ya vimelea, na mabaki hayo huweza kukaa kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo kipimo hicho hakikuambii kama dawa imeshindwa. Omba damu itazamwe kwa darubini.

Kipimo kimesema hana malaria, lakini kemisti amempima akasema ni taifodi.

Mara nyingi kipimo hicho ni Widali, na hakiaminiki: humwonyesha mtu ana taifodi wakati hana. Taifodi ipo, lakini haipo kwa kila mtoto anayetapika. Homa ya siku moja yenye kutapika na kuharisha kwa mtoto mdogo mara nyingi ni virusi vya tumbo, na hivyo havisikii antibiotiki. Kenya ilianza kutoa chanjo ya rota mwaka 2014, na imepunguza visa vikali, ila virusi vingine bado vipo. Vinahitaji kijiko na subira.

Kipimo kikiwa safi na homa ikaendelea hadi siku ya pili, rudi. Sikio, kifua, na mkojo vinahitaji kutazamwa. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa wasichana wadogo tunayakosa mara nyingi kwa sababu mtoto hawezi kusema panauma wapi. Vimelea vya malaria pia huweza kuwa vichache mno siku ya kwanza.

Ni meno tu, si ndiyo?

Kuota meno kunaleta udenda, ufizi kuvimba, kung'ang'ania kutafuna. Hakuleti homa kali wala kutapika. Neno "ni meno" limechelewesha watoto wengi.

Na sasa lile zito. Mkiambiwa mtoto ana "meno ya plastiki", au kilimi kirefu kinachomtapisha, msikubali akatwe. Kile cheupe kwenye ufizi ni chipukizi la jino lake halisi. Kuking'oa kwa kisu au waya huleta damu, usaha, pepopunda, na mtoto aliyekuwa na malaria anabaki nayo juu ya kidonda. Wakisema ni sihoho, jicho la mtu lililomwangukia akila, sitabishana nanyi juu ya imani ya nyumbani. Ninaloomba ni moja: zahanati kwanza, siku hiyohiyo. Maombi yanaweza kufanyika akiwa kitandani na matone ya dawa yanaingia.

Amepata degedege! Nifanye nini?

Mlaze ubavu, kwenye sakafu au mkeka, mbali na jiko. Usitie kitu mdomoni: si kijiko, si kidole, si dawa, si maji, si kitunguu. Usimshike kwa nguvu. Tazama saa. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 degedege la homa mara nyingi hukoma lenyewe kabla ya dakika tano, ingawa utaona kama ni saa nzima. Likikoma au lisikome, twende hospitali, maana upande huu wa nchi degedege linaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Usingoje kupambazuke.

Ishara gani za kumkimbiza usiku huohuo?

Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu bila kubakisha. Amepata degedege. Analala mno, ukimwamsha hakutazami. Mojawapo tu ya hizo inatosha.

Kisha tazama kifua akiwa ametulia: hesabu pumzi dakika nzima, na kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano pumzi 40 au zaidi ni nyingi. Sehemu ya chini ya mbavu ikiingia ndani kila anapovuta pumzi, ni dharura. Fungua kiganja chake ukiweke karibu na chako: kikiwa cheupe kama karatasi, damu imeisha, na malaria hufanya hivyo haraka. Mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa au kola, macho ya manjano, shingo ngumu, utosi uliovimba, matapishi ya kijani au yenye damu, kinyesi chenye damu, tumbo lililovimba na gumu, yote twende. Vilevile akitapika baada ya kuanguka na kugonga kichwa. Na akiwa amekunywa mafuta ya taa au dawa ya ng'ombe, usimtapishe.

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell) yuko peke yake kwenye orodha yangu. Akiwa na homa yoyote, hata akicheza, ni hospitali siku ileile. Familia nyingi za huku zinaujua ugonjwa huu vizuri.

Kisumu, waendeshaji boda wote wanaijua Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, hata ukiwaambia "Russia", jina lililobaki tangu Wasovieti waliposaidia kuijenga. Lakini kama zahanati iko karibu na imefunguliwa, pitia hapo kwanza apimwe sukari na malaria na aanzishiwe matibabu kabla ya safari.

Sisi tuko Nakuru. Malaria inatuhusu?

Nakuru mjini malaria si ya kila siku, kwa hiyo mtoto akichemka na kutapika daktari atawaza virusi, kifua, sikio, mkojo. Lakini je, mlikuwa ushago? Desemba watoto hupelekwa Siaya, Busia, Bungoma kuona nyanya, wanalala bila neti, wanarudi. Malaria huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza baada ya kuumwa na mbu, hivyo mtoto anaugua akiwa amesharudi na kila mtu amesahau safari. Na kwa kuwa hajawahi kuizoea, humshika vibaya. Mwambie daktari bila kuulizwa: "Wiki mbili zilizopita tulikuwa Busia."

Alichanjwa malaria. Bado apimwe?

Ndiyo. Chanjo hii ilianza kutolewa Kenya Septemba 2019 huko Homa Bay, ikaenea kaunti za ziwa. Hutolewa miezi 6, 7, 9, na 24. Inapunguza malaria kali, haiizuii yote. Dozi ya miezi 24 ndiyo inayosahaulika zaidi kwa sababu mtoto ameshaacha kwenda kliniki. Fungua kitabu uone.

Ale nini?

Usimnyime chakula. Kutapika kukitulia, mpe anachokipenda, kidogo kila mara: uji mwepesi wa wimbi, ndizi iliyopondwa, viazi, ugali laini na mchuzi wa samaki, mtindi. Akikataa siku ya kwanza, usimlazimishe, ilimradi anakunywa. Baada ya kupona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Kilo alizopoteza zitarudi hivyo.

Ndugu zake wataambukizwa?

Malaria haiambukizwi kwa kugusana, neti kila usiku ndiyo kinga. Virusi vya tumbo na kipindupindu ndivyo vinavyopita mikononi na kwenye maji. Nawa kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi, tupa kinyesi cha mtoto chooni, na maji ya kisima au ya ziwa yachemshe au uyatie klorini, hata kama yanaonekana masafi.

Nikifika hospitalini foleni ni ndefu. Niseme nini?

Usikae kimya ukingoje jina. Nenda mpaka kwa muuguzi wa karibu useme, "Sista, huyu anatapika kila kitu na hanywi," au "alipata degedege nyumbani." Maneno hayo yana kazi: mtoto wa namna hiyo hapaswi kupanga foleni. Kisha eleza homa ilianza lini, ametapika mara ngapi, amekojoa saa ngapi mwisho, amepewa dawa gani na saa ngapi. Beba kitabu cha kliniki, dawa zote, leso ya pili, na chupa yako ya ORS na kijiko. Endelea kumpa kijiko hapo hapo kwenye benchi, isipokuwa amelegea mno kiasi cha kushindwa kumeza.